KUFUMA VIATU VYA MTOTO MCHANGA KWA KROSHIA

Mwezi wa Julai, ukungu unapotanda Limuru na Kinangop tangu alfajiri hata karibu na adhuhuri, mama aliyejifungua majuzi huwa na kazi moja ipitayo zote, nayo ni kumlinda mtoto wake asipatwe na baridi. Mtu mzima akishikwa na baridi hutetemeka, na kule kutetemeka humletea joto. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka barabara. Ngozi yake ni pana ikilinganishwa na uzito wake, na mafuta yaliyo chini ya ngozi hiyo ni machache, kwa hiyo joto humtoka upesi kama linavyotoka katika kikombe kidogo cha chai kuliko katika sufuria. Mwili wake wapasa kuwa na joto la digrii 36.5 hadi 37.5 za Selsiasi. Likishuka chini ya hapo mtoto hulegea, hunyonya kwa udhaifu, na asiponyonya hukosa nguvu ya kujipatia joto; basi jambo moja huzidisha jingine. Watoto waliozaliwa kabla ya siku zao ndio walio katika hatari zaidi.

Wakunga wana njia nyepesi ya kupima jambo hili pasipo chombo chochote. Hushika nyayo za mtoto, kisha hushika tumbo lake. Nyayo zikiwa na joto na tumbo likiwa na joto, mtoto ni salama. Nyayo zikiwa baridi nalo tumbo likiwa na joto, mtoto ameanza kusumbuliwa na baridi, na yafaa atiwe joto mara moja. Vyote viwili vikiwa baridi, hiyo ni hatari, naye apelekwe hospitali huku amewekwa kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi. Hivyo nyayo ndizo zitoazo habari kwanza.

Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey alianza kuwaweka watoto wadogo mno vifuani mwa mama zao, kwa kuwa mashine za kuwatia joto hazikutosha. Njia hiyo imeenea duniani, na hospitali za Kenya nazo huitumia. Mtoto akaapo kifuani namna hiyo huwa hana nguo ila nepi, kofia na soksi. Wauguzi wengi wamepata kuona mtoto analetwa na shali tatu za bei kubwa, wala hana kitu cha kumfunika miguu.

Kitu hicho aweza kukifuma mtu yeyote kwa jioni mbili. Katika jamaa fulani si desturi kumwandalia mtoto nguo kabla hajazaliwa, na wazee huona kufanya hivyo ni kuita balaa. Hawa hawapatwi na shida yoyote katika kazi hii, maana nyanya akianza kufuma siku ile mjukuu anapozaliwa, viatu vitakuwa tayari kabla mtoto hajarudi nyumbani kutoka hospitali, au muda mfupi baada ya hapo.

Kufuma kwa kroshia si kazi ya zamani sana kama kusuka ukili au kufuma nguo kwa kitanda cha mfumi. Mifano ya kwanza ijulikanayo kupigwa chapa ilitoka katika gazeti la wanawake la Uholanzi liitwalo Penelope, mwaka 1823. Miaka ya 1840 viazi vya Ireland viliharibiwa na ugonjwa, watu wakafa kwa njaa, na wanawake wengi wa huko walifunzwa kufuma lesi kwa kroshia ili wauze na kununua chakula. Katika Kenya kazi za namna hii zilienea zaidi kwa njia ya shule za misheni, na baada ya mwaka 1952 kwa vyama vya Maendeleo ya Wanawake. Viongozi wa vyama hivyo walipelekwa Jeanes School, Kabete, kujifunza ushoni, upishi na utunzaji wa watoto. Siku zile zilikuwa za Hali ya Hatari, na Serikali ilivitumia vyama hivyo kwa shabaha zake. Lakini hotuba zimesahauliwa, na kroshia imebaki. Ni nyumba chache mno za Kenya zisizokuwa na vitambaa vya kroshia juu ya migongo ya viti. Mwanamke aliyeweza kufuma kitambaa cha kiti amekwisha kujua zaidi ya nusu ya kazi ya viatu.

Vitu vitakiwavyo ni vichache: kroshia moja ya milimita 3.5, uzi mwororo wa unene wa kadiri, sindano ya uzi yenye tundu kubwa, na mkasi. Gramu 25 za uzi zatosha jozi moja. Katika nyanda za juu sufu ndiyo bora, maana hutia joto hata ikipata unyevu kidogo, ila ichaguliwe ile isiyowasha. Na namna ya kuijaribu ni kuisugua juu ya ngozi ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko. Uzi wa kiwandani usio sufu, ule uuzwao kwa wingi madukani, ni wa bei nafuu nao hufulika kwa urahisi, lakini huyeyuka ukikaribia moto, basi usianikwe kamwe juu ya jiko la makaa. Mama wa Mombasa au Lamu hana haja ya sufu. Yeye na atumie uzi wa pamba, na amvishe mtoto viatu usiku wa mvua tu, au anapompeleka bara.

Mfumaji ajuaye kushona mishono minne ataweza kazi yote. Wa kwanza ni kitanzi cha mnyororo: uzi hupitishwa juu ya kroshia na kuvutwa ndani ya kitanzi kilichopo. Wa pili ni mshono mfupi: kroshia hutiwa katika tundu, uzi huvutwa hata vitanzi viwe viwili juu ya kroshia, kisha uzi huchukuliwa tena na kuvutwa ndani ya vyote viwili pamoja. Wa tatu ni mshono mrefu. Huu uzi huzungushwa juu ya kroshia kwanza, ndipo kroshia hutiwa katika tundu. Vitanzi huwa vitatu, navyo huondolewa viwili viwili, mara mbili. Wa nne ni mshono wa kufungia, ambao hutumika kuunganisha mwisho wa mzunguko na mwanzo wake. Uzi huvutwa mara moja ndani ya tundu na ndani ya kitanzi pia.

Kabla ya yote, afume kipande kidogo cha mishono mifupi akipime. Mishono 10 yapasa kuwa na upana wa sentimeta 5. Ikizidi hapo mkono wake ni mlegevu, na achukue kroshia nyembamba zaidi. Ikipungua anakaza mno, na achukue iliyo nene. Wengi hulidharau jambo hili kwa haraka ya kuanza, na hao ndio wamalizao na kiatu cha mtoto wa mwaka mmoja.

Kazi huanza na wayo. Mfumaji afanye mnyororo wa vitanzi 11. Kitanzi kilicho karibu na kroshia akiruke, na kuanzia cha pili atie mshono mfupi mmoja katika kila kimoja cha vitanzi 9. Katika kitanzi cha mwisho atie mishono mitatu, na kwa hiyo kazi itajipinda yenyewe na kumwonyesha upande wa pili wa mnyororo. Aurudie upande huo kwa mishono 8, mmoja katika kila kitanzi, kisha atie miwili katika kitanzi kile alichoanzia. Afunge mzunguko kwa mshono wa kufungia. Akihesabu ataona mishono 22. Hapo atie alama ya uzi wa rangi nyingine mahali pa kuanzia, na kila mzunguko aanze kwa kitanzi kimoja cha mnyororo kisichohesabiwa, na kuumaliza kwa kuufunga.

Mzunguko wa pili ni huu: mishono miwili katika tundu la kwanza, mmoja mmoja katika matundu 8, miwili miwili katika matundu matatu ya ncha, mmoja mmoja katika 8, na miwili miwili katika mawili ya mwisho. Jumla ni 28. Mzunguko wa tatu huongeza tena katika ncha zote mbili, lakini tundu moja hupata mshono mmoja na la pili hupata miwili. Basi atie mmoja, kisha miwili. Halafu mmoja mmoja katika 8. Halafu ile zamu ya mmoja na miwili mara tatu. Mmoja mmoja katika 8. Na zamu ile mara mbili. Jumla ni 34. Katika mzunguko wa nne zamu huwa ndefu zaidi: mmoja, mmoja, kisha miwili. Zamu hiyo hufumwa mara moja mwanzoni, ikafuatwa na mishono 8, ikafumwa mara tatu katika ncha ya mbele, ikafuatwa na mishono 8, na kumalizika kwa zamu mbili. Jumla ni 40.

Sasa wayo una urefu wa karibu sentimeta 9 na upana usiofika 4, nao ni mviringo mrefu kama mbegu ya boga. Usilale sawasawa juu ya meza, basi mishono imeruka mahali. Hapo mfumaji asiendelee kwa matumaini kwamba kosa litajificha. Afumue. Uzi hauharibiki kwa kufumuliwa mara moja wala mara mbili.

Ni vizuri kufuma nyayo zote mbili kabla ya kuinua ukuta wa kiatu cha kwanza. Mkono wa mtu hubadilika kutoka siku hata siku. Leo ametulia na kesho amekasirishwa na watoto au na bei ya unga, na uzi hukazwa kwa kadiri ya moyo. Ndiyo sababu kiatu cha pili huwa kidogo kuliko cha kwanza mara nyingi. Nyayo mbili zikifumwa kwa kufuatana, na kuta mbili vivyo hivyo, tofauti hiyo haionekani. Wala hakuna kiatu cha kulia na cha kushoto katika mfano huu. Vyote viwili ni sawa, na mtoto hatajua.

Ukuta huanza kwa mzunguko wa tano. Kila mshono una nyuzi mbili juu yake, kama msuko mdogo. Katika mzunguko huu kroshia itiwe chini ya uzi wa nyuma tu, mshono mmoja katika kila tundu, mishono 40. Uzi wa mbele ulioachwa hufanya mstari pembeni mwa wayo, na mstari huo ndio unaouwezesha ukuta kusimama. Mizunguko ya sita na ya saba hufumwa kwa kawaida, chini ya nyuzi zote mbili, 40 kila mmoja.

Kinachofuata ni kukusanya vidole, na hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Kupunguza ni kugeuza mishono miwili kuwa mmoja: kroshia hutiwa katika tundu la kwanza na uzi huvutwa, hutiwa katika la pili na uzi huvutwa tena, vitanzi huwa vitatu, na uzi hupitishwa katika vyote vitatu kwa pamoja. Mzunguko wa nane: mishono 12 ya kawaida, mapunguzo 6, mishono 16. Hubaki 34. Mzunguko wa tisa: mishono 9, mapunguzo 6, mishono 13. Hubaki 28. Mzunguko wa kumi: mishono 8, mapunguzo 4, mishono 12. Hubaki 24. Mbele ya kiatu sasa imeinama na kufunika mahali pa vidole, na juu pana mdomo wa duara uwezao kupitisha kisigino cha mtoto mchanga. Asiyezoea kusoma hesabu za namna hii aweke punje za maharagwe mezani, akiondoa moja kila amalizapo punguzo moja. Njia hii ni bora kuliko kukumbuka, hasa katika nyumba yenye watu wengi waongeao.

Mzunguko wa kumi na moja ni wa matundu ya kamba. Afanye vitanzi vinne vya mnyororo, ambavyo husimama badala ya mshono mrefu mmoja na nafasi moja. Aruke tundu moja, atie mshono mrefu katika linalofuata, afanye kitanzi kimoja cha mnyororo, aruke tena, na kuendelea hivyo hata mwisho, ambapo atafunga katika kitanzi cha tatu cha vile vinne. Matundu yatakuwa 12. Mzunguko wa kumi na mbili ni mshono mfupi mmoja juu ya kila mshono mrefu, na mmoja katika kila tundu, yaani 24. Baada ya huo mizunguko mitano au sita ya mishono mifupi hufanya shingo ya kiatu. Shingo fupi mno ni kazi bure, maana mtoto akipiga teke mara mbili kiatu kimeanguka, na katika njia ya kutoka zahanati viatu vingi hupotea hivyo.

Kamba ni mnyororo wa vitanzi wenye urefu wa sentimeta 30, si zaidi. Hupitishwa katika matundu, na katikati yake hushonwa pale nyuma ya kisigino ili isichomoke. Kamba ndefu yaweza kujizungusha mahali pasipofaa, na mtoto wa miezi mitatu hutia kinywani chochote akifikiacho. Kwa sababu hiyo hiyo vifungo, shanga na mipira ya sufu ya mapambo haifai kabisa. Picha za vitabu huvipamba viatu kwa vitu hivyo, lakini mtoto havai kitabu.

Jambo kubwa kuliko yote katika kumaliza ni ncha za uzi. Uzi mmoja uliolegea ndani ya kiatu, au unywele mmoja wa mama ulioingia humo, waweza kukizunguka kidole cha mguu cha mtoto na kukikaza kidogo kidogo kila anapochezesha miguu. Damu huzuiwa, kidole huvimba na kuwa chekundu, na kisipofunguliwa mapema chaweza kuharibika. Mtoto hawezi kusema panapomuuma. Hulia tu, na watu hudhani ni tumbo. Kwa hiyo kila ncha ifichwe kwa sindano ndani ya mishono, kwanza upande mmoja kisha kurudi upande wa pili, ndipo ikatwe. Kiatu kigeuzwe nje ndani na kutazamwa mwangani kabla ya kuvalishwa, si mara ya kwanza tu bali kila mara. Na mtoto anayelia pasipo sababu ya kujulikana avuliwe viatu, vidole vyake vyote kumi vitazamwe kimoja kimoja. Kidole kikionekana kimefungwa na uzi usioweza kutolewa kwa urahisi, apelekwe kwa daktari saa ile ile.

Kuna akina mama wengine ambao, wakiisha kusikia habari za baridi, humfunika mtoto hata akatokwa na jasho. Hilo nalo ni kosa. Mtoto mwenye afya alalaye katika nyumba yenye joto hana haja ya viatu vya sufu chini ya blanketi mbili. Shingo yake au kifua chake kikiwa na jasho, vazi moja na liondolewe, na viatu ndivyo vyepesi kuondoa. Aidha viatu hivi si vya kutembelea. Mtoto aanzapo kusimama, sufu huteleza juu ya saruji, na mguu mtupu hushika chini vizuri zaidi.

Mtu atakaye kiatu kikubwa zaidi, kwa mtoto wa miezi mitatu au minne, aanze na vitanzi 13 badala ya 11. Kila mahali palipoandikwa mishono 8 ya pembeni katika wayo, atie 10, na mishono 9 ile ya mwanzo kabisa iwe 11. Wayo utakuwa na mishono 44, na urefu utazidi kwa sentimeta moja. Katika mizunguko ya kukusanya vidole, mishono ya kawaida ya kabla ya mapunguzo na ya baada yake iongezwe miwili miwili, nayo mapunguzo yabaki kama yalivyo. Juu patabaki mishono 28, na matundu ya kamba yatakuwa 14.

Viatu vya sufu hufuliwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kwa kubonyezwa, si kwa kusuguliwa wala kukamuliwa kama nguo ya shamba. Maji ya moto huifanya sufu ijikunje na kuwa ngumu, na hakuna njia ya kuirudisha. Baada ya kusuuzwa, viatu hukunjwa ndani ya taulo na kukandamizwa maji yatoke, hujazwa kitambaa safi ndani ili vishike umbo, na kuachwa kivulini penye upepo hata vikauke kabisa. Viatu vibichi visivalishwe hata kama mgeni yuko mlangoni, na kwa sababu hiyo mama wa nyanda za juu hana budi kuwa na jozi mbili, moja mguuni na moja kambani.